Kila Siku au Sasa Hivi

Mimi nina hasira za karibu, na miaka yote niliyofundisha Kiingereza haikuzipunguza. Nilipostaafu nikarudi shambani kwangu karibu na Litein, nikidhani vita vyangu na sarufi vimekwisha. Wapi. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, akaja na daftari jipya. Mashine zilikuwa zimechukua kazi yake ya kuchuna majani chai, na sasa alikuwa ameomba kazi ng'ambo, ya kutunza wazee. Angehojiwa kwa simu, kwa Kiingereza. Akishindwa, kifungua mimba wake angekaa nyumbani badala ya kwenda sekondari.

Kiingereza alikuwa nacho, tena kingi. Shida ni kwamba kwake kila kitu kilikuwa kinaendelea.

"I am waking up at five every day," aliniambia akicheka.

"Kila siku au sasa hivi?" nikamkatiza.

"Kila siku, mwalimu."

"Basi sema I wake up. Sasa hivi umeshaamka, uko hapa unanisumbua."

Akarekebisha. Sentensi iliyofuata, yale yale. Kwa Kiswahili chetu ninaamka ni ninaamka, iwe sasa hivi au kila siku, lakini sikumhurumia. Kila akikosea niligonga meza. Nikaona kicheko chake kimepungua, nikafikiri sasa amekuwa makini.

Siku ya kuhojiwa alitumia simu yangu, sebuleni kwangu, kwa sababu kwake netiwaki inapotea. Mwanamke aliyepiga akamuuliza, kwa upole kabisa, anamtunzaje mama mkwe wake aliyepooza, aliyemtaja kwenye barua ya maombi. Kazi hiyo anaijua kuliko daktari. Akafungua mdomo. "I..." Akaniangalia mimi. "I am..." Akauangalia mkono wangu juu ya meza. Akanyamaza hivyo hivyo mpaka akaambiwa asante, simu ikakatwa.

"Asante kwa kunisaidia, mwalimu," akasema, akifunga daftari. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake niliwapigia wale watu wa ajira, nikawaambia aliyefeli ni mwalimu, wampe mama huyu nafasi nyingine. Walinizungusha siku mbili, kisha wakakubali.

Safari hii nilimwachia simu nikatoka nje, nikasimama karibu na dirisha. Nikamsikia akieleza anavyomgeuza mama mkwe kitandani, anavyomnywesha uji kwa kijiko, na vile hukataa kuoga kukiwa na baridi. Makosa yalimwagika. Yule mwanamke akacheka, naye akacheka. Mara mbili nilishika kitasa cha mlango, mara mbili nikakiachilia.

Alipotoka alinirudishia simu. "Wamesema nitafute pasipoti." Kisha uso ukabadilika. "Mwalimu, nimekosea mara ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu kumi na nne.

"Sikusikia hata moja," nikamwambia.