Sellah Nasike na Ukuta wa Kapsokwony

Niseme mapema: Sellah Nasike ni rafiki yangu, na nikimsema hapa simsengenyi. Haya yote nimeshamwambia usoni, mengine kwa sauti ya kutosha majirani kusikia. Mimi ni Rispah, nina kampuni ya kupamba harusi hapa Bungoma mjini, mahema, vitambaa na maua, na mdomo wangu haujui kufungwa.

Sellah ni fundi wa kuchora ukutani, wa Kitale. Ukipita nasari yoyote ya watoto Kitale ukaona twiga anakutazama kama mtu anayekudai salamu, huyo ni wa Sellah. Alianza na mabango ya vinyozi kule mtaa wa Matisi, brashi tatu na ngazi ya kuazima. Leo ana ofisi, ana mhuri, ana mafundi, na walimu wakuu wanamtafuta wenyewe. Mkono wake, bana, ni wa kipekee. Hilo silibishi.

Shida ilikuwa mkono huo huo. Ulikuwa hauwezi kutulia. Fundi wake akichora ng'ombe, akienda kula chakula cha mchana, akirudi anapata ng'ombe mwingine kabisa. "Nilikuwa nanyoosha pembe tu," Sellah atasema. Pembe gani! Amenyoosha pembe, mgongo, mkia na anga yote. Na wala hagombani na mtu. Anatabasamu, rangi mpaka kwenye viwiko, akiamini amesaidia. Katika miaka mitatu mafundi wanne walimwacha, na kila mmoja akienda Sellah ananiambia ni tamaa ya ujana. Wanne! Mtu akiachwa na wanne, si aangalie kioo? Lakini wapi. Nyani haoni kundule.

Wa maana aliyebaki alikuwa Jerono. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kapsokwony, anaongea kidogo na kuchora sana. Alikuwa amekaa na Sellah miaka saba. Mwaka huu, mwezi wa tano, akaja mbele ya meza ya Sellah akasema waziwazi: kuna kampuni ya Eldoret inanitaka, na nimeambiwa niwajibu kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hakuwa anamtishia. Alikuwa anamjulisha, kwa heshima.

Sellah alinipigia simu asubuhi hiyo hiyo. "Rispah, huyu akienda, mimi narudi kwa mabango ya vinyozi." Sauti yake ilikuwa imeniingia. Fridah na Kevin, wale mafundi wengine wawili, walikuwa bado wanajifunza. Kazi kubwa zote zilikuwa zinabebwa na Jerono. Nikamwambia kuna mafunzo ya usimamizi hapa Bungoma, ya wenye kampuni za sanaa: wachoraji, wapiga picha za harusi, wenye bendi, wanaoshona, na sisi wa mapambo. Siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha. "Njoo ulale kwangu," nikasema, "ukajue ni kwa nini watu wanakukimbia." Akaja.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Premlata. Huyu mama aliendesha kiwanda cha kuchapa cha familia yao hapa mjini miaka thelathini, kabla ya kuwaachia watoto wa kaka yake. Ni mdogo wa umbo, miwani inaning'inia kwa kamba, na Kibukusu chake ni cha kununulia kuku sokoni bila kudanganywa na mtu. Siku ya kwanza akasimama mbele yetu akauliza, "Nani hapa akishikwa na malaria wiki mbili, atarudi apate kampuni bado inatembea?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Sellah akainua mkono. "Madam, mimi huwa siugui."

Tulicheka mpaka mwenye bendi akapaliwa. Madam hakucheka. "Basi wewe ndiye mgonjwa kuliko wote," akasema.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa barua. Kila mmoja wetu achague mtu mmoja katika kampuni yake, ampe mamlaka yote mpaka Ijumaa saa kumi. Si kwa mdomo. Barua, sahihi, mhuri. Mfanyakazi atumiwe picha ya barua kwa simu, na barua yenyewe ibaki kwa Madam. Sellah alimwandikia Jerono: kila uamuzi wa kazi ni wako, usiniulize. Akaupiga mhuri mpaka meza ikatingika, akanitazama kwa majivuno. "Ona, Rispah, nimeshaweza." Ati ameshaweza!

Wiki hiyo mafundi wake walikuwa Kapsokwony, huko juu mlimani, wakichora ukuta mrefu wa shule ya msingi. Sampuli alikuwa ameichora Sellah mwenyewe: Mlima Elgon kwa mbali, wa bluu, umelala kama unavyolala ukiutazama kutoka Kitale, na ng'ombe wanakula nyasi mbele yake. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaipenda.

Jumatatu ikapita vizuri, Jumanne pia. Jumatano wakati wa chai Kevin akamtumia Sellah picha ya ukuta. Kevin maskini alidhani anamfurahisha. Nilimwona Sellah akiikuza ile picha kwa vidole viwili, mara uso, mara shingo, vyote vikabadilika. Kwenye picha hapakuwa na mlima wa bluu hata kidogo. Palikuwa na kijani kitupu, na mwamba, na mashamba yamening'inia.

Akapiga simu papo hapo, katikati yetu sote, sauti imefunguliwa.

"Jerono, umechora nini hapo?"

"Mlima, Mama Ivy." Mafundi wake wote humwita hivyo, kwa jina la binti yake.

"Mlima gani? Sampuli yangu iko na mlima wa bluu!"

"Ule wa bluu ni wa watu wa Kitale. Huku hatuoni mlima kwa mbali, tunaishi juu yake. Watoto walikuwa wananiuliza huu ni mlima wa wapi. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, tukaongea, akakubali mabadiliko na akaandika."

Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kuna meneja gani angefanya zaidi? Lakini Sellah alikuwa amepandwa na hasira.

"Si ungeniuliza!"

"Barua yako imesema nisikuulize."

"Hiyo barua ni ya masomo tu! Futa. Ijumaa nikija nipate mlima wangu." Akakata.

Madam Premlata alikuwa anamimina chai. Alimaliza kikombe, akaweka birika chini. "Sellah," akasema, "mimi nilidhani umeandika barua. Kumbe uliandika insha."

Mimi sikuwa mpole namna hiyo. Nilimvuta nje nikampa yake. Nilimwambia umemvua nguo mtu mzima mbele ya watu ishirini, mtu ambaye ana mpaka kesho kutwa kuamua kama anakuacha, na umemvua kwa kosa la kukutii. Chakula cha jioni aligusa tu.

Alhamisi hakuweza kukaa darasani. Alikuwa anasimama, anakaa, anachungulia dirishani. Saa sita Madam akamwambia, "Nenda ukauone huo ukuta kwa macho yako. Ila mkoba wa brashi utabaki hapa na mimi." Sellah anatembea na brashi kama vile wengine wanavyotembea na leso. Aliutoa ule mkoba begani polepole sana, akauweka mezani.

Tukapanda na pikapu yangu ya mahema. Ilikuwa imenyesha. Kile kilima cha mwisho kabla ya Kapsokwony pikapu ikakataa kabisa, magurudumu yanachimba tu matope, tukaiacha kwenye duka tukamalizia kwa pikipiki, kila mtu na yake. Najua njia nzima Sellah alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Jerono. Najua pia hayakuwa ya kuomba msamaha.

Tulifika watoto wametoka madarasani. Walikuwa wamejaa kwenye ule ukuta, na hawakuwa wanacheza, walikuwa wanatafuta. "Kwetu ni hapa, chini ya hili jiwe." "Wewe, kwenu ni huku, mimi ndiyo njia ya kwetu hii." Msichana mmoja alikuwa ameweka kidole kwenye nyumba ya bati ndogo na hakutaka kukitoa. Mlima wa Jerono ulianzia miguuni mwao ukapanda: mashamba ya vitunguu, njia nyembamba, mwamba mkubwa unaotoa maji wakati wa mvua, msitu. Na kwenye kona ya chini, mbali kabisa, Bungoma yote imekuwa tambarare ya bluu. Bluu ilikuwa ni sisi.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Jepkemboi, alikuja akamsalimia Sellah kwa mikono miwili. "Asante kwa kutuletea huyu msichana wetu," akasema. Sellah akaitikia, lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka. Nilimjua. Alikuwa ameona kitu. Nikafuata macho yake: kulikuwa na ng'ombe pale ukutani karibu na mto, na mguu wake wa nyuma umekaa vibaya, kweli. Hata mimi niliuona.

Mkono wa Sellah ukaenda begani, ukakosa mkoba. Akainama akachukua brashi kwenye mkebe wa Fridah.

Jerono akashuka ngazi. Hakukimbia. Akasimama kati yake na ng'ombe.

"Mama Ivy, kabla hujaanza. Nionyeshe ukuta mmoja Kitale wenye mkono wangu. Mmoja tu."

"Si ziko nyingi! Ule wa duka la dawa."

"Ulirudia maua na jina."

"Nasari ya Matisi."

"Ulirudia twiga wote. Mimi nilibakishiwa nyasi."

"Saluni ya..."

"Ile uliifuta yote, nikiwa nimeenda kumzika shangazi yangu," Jerono akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Miaka saba, Mama Ivy. Mtoto wangu huniuliza nimechora wapi, na mimi sina pa kumpeleka."

Fridah na Kevin walikuwa wametazama chini. Mimi machozi yalikuwa yananilenga, sioni haya kusema. Sellah alisimama na ile brashi, rangi inadondoka kwenye kiatu chake.

"Sikujua," akasema. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana, nisidanganye. Nilijua. Nilikuwa najua kila mara, na nikafanya. Nimekukosea, Jerono."

Akairudisha brashi kwenye mkebe.

"Asante," Jerono akasema. "Lakini Eldoret nilishawajibu. Jana, baada ya ile simu. Nimekubali."

Majuto ni mjukuu. Nilidhani Sellah atapiga magoti pale kwenye matope, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini alivuta pumzi, akamuuliza anaanza lini. Jerono akasema wiki ijayo. Akamuuliza kama ukuta utaisha kabla. Utaisha kesho, Jerono akajibu, na ule mguu wa ng'ombe nimeuona, nitautengeneza mwenyewe. "Sawa," Sellah akasema. "Wewe ndiye unajua." Akampa mkono, kisha akamkumbatia, na rangi ikawaingia wote wawili.

Ijumaa, Madam Premlata aliuliza kila mtu kampuni yake imepitaje wiki. Zamu ya Sellah ilipofika alisimama, kichwa juu, sauti ile yake ya siku zote. "Nimempoteza Jerono, na si Eldoret walionipokonya. Ni mimi nilimsukuma. Lakini kampuni ipo. Nina Fridah na Kevin, na kuanzia Jumatatu kazi wakiishika ni yao mpaka mwisho. Wakiharibu nitawaambia, na watatengeneza kwa mikono yao." Wenzetu wakapiga makofi. Nilijivunia huyu mwanamke siku hiyo, na sikumwambia, maana angevimba kichwa.

Mwezi wa nane nilipanda Kitale nikapitia kumsalimia. Nikampata Matisi, amekaa kwenye benchi nje ya nasari, kikombe cha chai mkononi. Ndani Fridah alikuwa anachora wanyama darasani. Mlango ulikuwa wazi.

"Yule simba macho yake yamekaribiana sana," Sellah akaninong'oneza.

"Nyamaza."

"Si nimenyamaza? Nakuambia wewe tu. Jioni nitamwambia yeye." Alikuwa amekaa juu ya mkono wake wa kulia, haki ya Mungu, ameukalia. Akaniambia Kevin alikuwa Kimilili peke yake, kwenye ukuta wa kliniki, na wenye kliniki wameshamwita tena kwa ukuta wa pili.

Simu ikalia. Jerono, kutoka Eldoret. Sellah akafungua sauti ili nami nimsalimie, lakini Jerono hakuwa na nafasi ya salamu.

"Mama Ivy, wamenipa mafundi watatu niwasimamie. Mmoja amechora ndovu hapa, aki ya nani, miguu ni ya meza. Wameenda kula. Nimebaki mimi na huu ukuta, na brashi iko mkononi. Ninyooshe kidogo tu?"

Sellah alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sketi, akacheka mpaka Fridah akachungulia kuona kuna nini. Halafu akajipangusa macho, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Jerono, iweke chini. Toka nje."

"Nje wapi?"

"Popote. Hata mimi niko nje."