Mbegu Chini ya Paa

Kuna watu wamezaliwa na miguu ya kusafiri, na kuna watu kama mimi. Nilipomaliza kidato cha nne Singida mjini, wenzangu walianza kuulizana nani anakwenda Tabora na nani anakwenda Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimeshapanda basi la Kiomboi, na kutoka Kiomboi nikadandia gari la pamba mpaka karibu na kwetu. Mama alinitazama nikiingia uani na sanduku langu la bati kichwani, akaniuliza, "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, mama. Nimerudi."

"Ndiyo nakuuliza. Mtu aliyesoma harudi hivi hivi, lazima kuna kitu alisahau."

Miaka ile waliosoma sekondari walikuwa wachache, na vijiji vya ujamaa vilikuwa vinajenga shule kila mahali, kwa hiyo hata mvivu wa safari aliweza kupata kazi. Nikapewa darasa la tatu katika shule ya kijiji chetu, upande wa Kinyangiri. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu wote walikuwa wamehamishiwa hapo kutoka kwenye makazi yao ya zamani, ila sisi tulisogezwa kidogo tu, kiasi kwamba kuku wetu waliendelea kurudi kutaga kule kule tulikotoka, na mama akawa anawafuata kila asubuhi huku akiwatukana. Mimi kwenda kazini nilikuwa navuka uwanja mmoja. Uji wa saa nne nilikunywa nyumbani. Sijui kama palikuwa na mwalimu mwingine nchini mwenye raha kama yangu.

Shida ilikuwa hesabu. Watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha kama kwaya, na wengine walikuwa wanakwaya kweli. Lakini ukimwuliza mmoja ghafla, tano mara nne ni ngapi, ilibidi aanze wimbo toka mwanzo mpaka apafikie, na ukimkatiza njiani anarudi mwanzo. Kugawanya hakukuwa na wimbo, kwa hiyo hakukujulikana kabisa. Mtoto ukimwita ubaoni anaanza kutetemeka kabla hujaandika namba yenyewe.

Palikuwa na binti mmoja, mtoto wa mfugaji ambaye shamba lake lilipakana na la shule. Huyu ubaoni hakuweza kutoa tatu kwenye kumi. Siku moja wakati wa mapumziko, nikitoka nyumbani na uji wangu mkononi, nilimkuta nyuma ya darasa anacheza bao na wavulana, kwenye mashimo waliyochimba ardhini. Alikuwa ameshika kete mkononi, nazo ni mbegu za nyonyo tu, na kabla hajaanza kuzipanda shimo kwa shimo alitazama safu yote, akasema, "Ya mwisho inaangukia hapa, na hizi zenu nazibeba." Wavulana wakabisha. Akapanda. Ya mwisho ikaangukia pale pale aliposema, na akazibeba.

Nilisimama pale na kikombe changu cha uji. Hesabu aliyoifanya kwa macho, mimi ningetaka penseli.

Basi wiki iliyofuata nilichukua kisu cha mama nikachimba mashimo kwenye sakafu ya darasa, safu mbili mbili, kila kundi na bao lake. Sakafu ilikuwa ya udongo, akina mama wa kijiji walikuwa wameisiriba kwa samadi, kwa hiyo haikunipa taabu. Nilianza na kugawanya. Kete kumi na saba, mashimo matano, kila shimo lipate sawa na mwenzake. Watoto wakapanda, wakafika mwisho, wakabaki wameshika mbili, wananitazama.

"Hizo mlizoshika ndizo baki," nikawaambia.

Neno baki nilikuwa nimeliandika ubaoni tangu niwajue, na kumbe wote walifikiri ni pambo la pembeni ya jibu. Siku ile walilishika mkononi.

Mwalimu mkuu alikuja mbio kwa sababu darasa langu lilikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida. Alikuwa Msukuma, na Wasukuma ni watani wetu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuniheshimu.

"Mnyiramba akichoka kufundisha anachimba handaki," alisema mlangoni.

"Na Msukuma akiona shimo anafikiri kuna kiazi," nikamjibu. "Ingia, mtani, humu kuna hesabu tu."

Aliingia, akachuchumaa na kundi moja, akatoka muda mrefu baadaye, ameshindwa mara mbili na watoto wa darasa la tatu. Alichosema ni kwamba niwape pia mazoezi ya kuandika.

Mjukuu wangu mmoja sasa ni mwalimu huko mjini, na shuleni kwao wameletewa kompyuta zenye gemu za hesabu. Mtoto akipata jibu, sungura anaruka shimo, akikosa, anatumbukia. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemweleza babu yake mambo ya ndege za angani, kama naona kuna elimu yoyote hapo. Nikamwuliza, sungura akitumbukia, mtoto analia? Akasema, hapana, anacheka, anamrudisha juu, anajaribu tena. Nikamwambia basi elimu imo, na haipo kwa sungura. Ubaoni kwangu kosa lilikuwa fedheha mbele ya watu. Kwenye bao kosa ni kete zako kubebwa na rafiki yako, akakucheka, ukapanga upya. Yule binti alikosea mara nyingi sana darasani mwangu baada ya mashimo yale, kuliko zamani alipokuwa hathubutu hata kukosea. Nilijua anajifunza.

Sasa nieleze upumbavu wangu, maana mkaa nyumbani ndiye aliyetakiwa kujua mambo ya nyumbani. Kijijini kwetu bao lina majira yake. Mbegu ya kwanza ikifukiwa shambani, mashimo ya bao nayo yanafukiwa, mpaka mavuno yaingie ndani. Mvua za kwanza ziliponyesha na watu wakapanda, watoto wenyewe walifukia mashimo yao ya nje bila kuambiwa na mtu. Mimi nilipoona nyuma ya darasa pako wazi, nilifikiri wamehamia ndani kwa uzuri wa mafundisho yangu. Mmoja alinyoosha kidole. "Mwalimu, tutaendelea?"

"Kwa nini tusiendelee?"

Wakatazamana. Tukaendelea.

Kisha mvua ikakatika. Kwetu hukatika mara nyingi katikati ya msimu, lakini safari hii ilikawia kurudi. Mtama uliokuwa umefika magotini ulianza kujikunja majani mchana, halafu ukawa haukunjuki hata asubuhi. Mama alirudi kutoka kisimani akatua ndoo.

"Unajua wanasema nini huko?"

"Wanasema nini?"

"Wanasema nimezaa mtoto anayefunga mvua. Nimewaambia huyo hana nguvu hata ya kufunga mlango." Kisha akakaa kwenye kigoda, hakutabasamu. "Kafukie mashimo yako, mwanangu. Wanataka uhamishwe."

Kamati ya shule ilikutana darasani mwangu, na wazazi wakaja. Mwenyekiti alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, na kwetu sauti ya mjomba ni kubwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba, mwalimu." Maisha yangu yote alikuwa ananiita mjomba kama ninavyomwita. Nikajua mambo ni mabaya.

Aliyesimama kwanza ni yule mfugaji, baba wa binti yangu wa bao. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Nimeshapanda mara mbili. Ile ya pili nilipanda chakula cha watoto. Iandikwe barua, huyu mwalimu aende Wembere akachimbe huko. Asipokwenda, binti yangu anarudi kwenye ndama, na wenzangu hapa watarudisha wa kwao."

Watu wakaguna kumkubali. Wembere ni tambarare yenye joto na mbu, na kutoka huko mpaka kwa mama ni safari ambayo mimi hata kuiwaza nilichoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba juu ya mawingu na upepo wa baharini, niliyoisoma kidato cha tatu. Nilipofungua mdomo mwalimu mkuu akanikanyaga mguu.

"Ndugu zangu," akasema yeye, "mkimpeleka huyu Wembere atarudi kwa mama yake kabla barua haijafika. Mtasumbuka bure."

Walicheka kidogo, lakini mfugaji hakucheka, na mjomba hakucheka.

"Mwalimu," mjomba alisema, "bao mimi nacheza, kila mtu anajua. Silioni ubaya. Lakini saa hizi shimo na mbegu ni kazi ya shamba. Wewe umewaweka watoto wanapanda mahali mvua haiingii. Wanapanda, wanavuna, wanapanda tena, kila siku, chini ya paa. Mvua ikiona huku watu wanavuna pakavu, ije kufanya nini?"

Hotuba yangu bado nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nawatazama wale watu waliokaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewagusa vifua. Hawakuwa wamekuja kugombana na elimu. Mbao za madawati yale walizipasua wao wenyewe. Walikuwa wanaogopa njaa, na mimi nilikuwa nakula kwa mama.

"Mashimo nafukia leo," nilisema. "Ila naomba mniambie. Nikirudi ubaoni watarudi kuimba. Hesabu nifundishie wapi?"

"Ufundishe kama ulivyofundishwa," akasema mfugaji.

"Ndiyo maana nikaishia hapa," nikasema.

Hapo mjomba alisogeza mdomo upande, kama afanyavyo akitaka kucheka asionekane. "Shamba la shule lina mapengo," alisema. "Mashimo mengine hayakuota kitu. Peleka darasa lako huko, mtaona cha kuhesabu. Habari ya barua tutaingoja kwanza."

Basi ndivyo mtu wa kivulini alivyohukumiwa jua. Mama alinipa kofia ya marehemu baba, iliyonifika masikioni, na watoto walipoiona, hesabu ya kwanza ilichelewa kwa vicheko. Tulianza na kuhesabu mapengo, mstari kwa mstari. Kila shimo lilitaka mbegu tatu. Niliwapa viganja vya mbegu za kujaribia tu, maana udongo ulikuwa bado mkavu, na kuwauliza kabla hawajainama: hizi zitafika wapi, na utabaki na ngapi? Wengine walikimbia mstarini wakibahatisha, wakaishiwa, wakachekwa, wakarudi kuchukua nyingine. Yule binti alisimama mwanzo wa mstari akakodoa macho kama alivyokuwa akifanya kwenye bao. Baba yake bado hakuwa amemrudisha kwenye ndama. Alikuwa anangoja kuona kama nitaondoka.

Mvua ilirudi, ingawa si siku ile ile nilipofukia, kama wanavyosimulia sasa. Ilichukua muda wake. Kila mtu alijua kwa nini imerudi, nami sikubishana, nilikuwa naanua nguo. Lakini mfugaji hakulegea. Alipita mbele ya nyumba yetu akamwambia mama kwa sauti ya kunifikia jikoni, "Imerudi kwa sababu amefukia. Je, akifukua tena? Huyo aende tu."

Siku chache baada ya hapo tulikuwa shambani, udongo umelowa, tunafukia mbegu katika mashimo tuliyoyaandaa. Mfugaji naye alikuwa upande wa pili wa mpaka na jembe lake, anarudishia mapengo yake, ametugeuzia mgongo. Nikawauliza watoto, "Mbegu ishirini na tatu, tatu kila shimo. Mashimo mangapi?"

"Manane," akajibu mfugaji bila kugeuka.

Darasa lote likanigeukia. Mimi nikaiweka kofia sawa. Mtu anayetaka uhamishwe humsahihishi hovyo.

"Saba, baba," akasema binti yake. "Zinabaki mbili."

"Manane."

"La nane linapata mbili tu, baba. Mwalimu hataki shimo lenye njaa."

Mfugaji aligeuka, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi na ile kofia. Kisha akaweka jembe chini, akatia mkono kwenye mfuko wake wa mbegu, akahesabu kimya huku midomo inacheza. Akaanza kupanda kwenye mstari wake mwenyewe, tatu, tatu, tatu. Watoto wote walikuwa wamesogea mpakani. Alipofika shimo la nane alifungua kiganja, akakikuta na mbegu mbili. Akasimama hapo akizitazama.

"Hizi mbili mnazifanyaje?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu kikao.

"Ubaoni tunaziandika pembeni," nikasema.

"Na shambani?"

"Shambani bado sijafika, mzee. Najifunza na hawa."

Alizitupia zote mbili kwenye lile shimo la nane, akalifukia kwa mguu. "Shambani hata mbili zinaota," alisema. Binti yake alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, na baba yake akajifanya hamwoni. Alitazama mistari yake iliyobaki, ambayo ilikuwa na mapengo kama mdomo wa bibi.

"Kesho walete huku kwangu," akasema. "Kazi ipo."

"Kesho Jumamosi."

"Basi Jumatatu. Utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo.