Safari ya Mama ya Kwenda kwa Volkano

Ndugu yangu mudogo alikuwa gardi wa parke, mulinzi wa pori ya nyama, kule upande wa Goma, juu kabisa kwa volkano, kwenye baturisti balikuwa banapanda kuangalia moto. Tangu vita ikate barabara kule mbele ya Alimbongo, hatukusikia tena sauti yake. Namba yake haikuwa inapita. Mimi nilikuwa nauza bikwembe, bile bitambaa ya kuvaa ya bamama, kule Beni, kwa commune ya Beu, na mama alikuwa Butembo. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Mutoto yangu, kuja. Naenda kutembelea ndugu yako."

"Kutembelea wapi, mama? Barabara iko wapi?"

"Barabara iko chini. Nitapita juu yake."

Mama yangu ni hivyo. Nilikasirika, mais nilienda. Kutoka Beni mupaka Butembo tulikuwa tunasafiri roho mukononi. Ile siku tulipita gari mbili zenye zilichomwa na moto, na ndani ya taksi hakuna mutu aliuliza ni za nani.

Nilimukuta mama amejaza salon: sweta ya sufi, blanketi, birayi, bile viazi ya Kipese, ndani ya mufuko. "Kule juu baridi inauma mupaka mufupa," akasema, sawa vile alizaliwa kule. Alikuwa amezunguka kwa bashofere wote wa soko. Mwenye kuuliza hapotei, donc aliuliza kila mutu. Mwishowe mumoja alimwambia apite Uganda, atokee kwa mupaka ya Kasindi, azunguke, arudilie Congo kule chini. Safari ndefu, kwa mwanamuke wa magoti ya vile!

Baba mudogo, ndugu ya marehemu baba yetu, alikuja kumukataza. "Mama, na kama haumukute?"

"Milima haikutane, mais bantu banakutana," mama akajibu. "Mimi nitapanda yenyewe ile mulima. Mutoto yangu iko kule. Mutu asiniambie maneno ingine."

Na kweli, hakuna mutu alimwambia maneno ingine. Nilikubali kumusindikiza, nikafunga bagage pamoja naye.

Siku ya kuondoka aliomba bamama ya kanisa baje kutuombea. Mvua ilikuwa inatishia, tukatandika shitingi, ile turubai ya plastiki, uani, tukapanga viti, tukapandisha sufuria kubwa ya maharagi. Eh, Mungu wangu! Hatukufikiri. Kwetu sasa, shitingi uani na viti chini yake, maana yake ni moja tu.

Bamama balitokea kwa barabara na kuni mugongoni, kamba kwenye paji la uso, bengine na unga, bikwembe bamefunga kiunoni. Kabla ya kuingia balianza wimbo wa kuzika. Mumoja, mwenye bwana yake aliuawa shambani, alikuwa anapiga kelele ya kulia.

Nilitoka na mwiko mukononi. Hasira ilinipanda mupaka kichwani. "Munalilia nani? Nani amekufa hapa?"

Wimbo ukakatika. Mukubwa wao akaweka mukono kinywani. "Mawe, mama wee! Tuliona shitingi toka kule juu, tukasema habari imefika. Mutusamehe."

Nilijua mama atabafukuza. Nilitaka abafukuze! Mais alikuja pole pole, akasimama mbele yao, akabaangalia mumoja mumoja.

"Kumbe ninyi wote munaamini alikufa?"

Vichwa vikainama, mama akauliza tena.

"Tangu wakati gani?"

Ule mujane ndiye alisema, na sauti ya chini: "Tangu barabara ifungwe, mama. Tulikuwa tunakungojea weye ukubali."

Mama akafungua kitambaa ya kichwa. Akakaa chini, si kwa kiti, kwa udongo, miguu mbele, namna mama mwenye kufiwa anakaa. "Basi, muweke kuni," akasema. Mimi nilipiga kelele: "Hapana, mama, inuka! Tunaenda!" Hakuniangalia.

Kwetu mutu akifia mbali na mwili ukikosekana, banakata mugomba ya ndizi, banaufunika na kikwembe, banauzika pahali pake. Ukisha kuzikwa, hakuna kungojea tena. Mama akaita baba mudogo, akamutuma nyuma ya nyumba na panga. Alikuwa ameanza kwenda wakati mama alimwita tena.

"Ukate murefu," akamwambia. "Mutoto yangu ni murefu."