Mashine Iliyougua Kila Ijumaa

Watu wananiuliza kwa nini siitupi. Hilo ndilo swali la kwanza la kila anayechungulia chumba changu cha kazi, hapo chini kwenye nyumba yetu ya Mji Mkongwe, akaiona ile mashine ya chuma, nzito kama gunia la mchele, yenye kioo cha duara kisichozidi kiganja. Ni osiloskopu. Kazi yake ni kuonyesha umeme unavyokwenda: unachomeka waya kwenye redio au amplifaya mbovu, na kwenye kioo unatokea mstari wa kijani unaopanda na kushuka, ukakueleza maradhi yapo wapi. Imenizidi umri. Ilitoka kwenye karakana ya redio za meli iliyofungwa zamani, nami niliiokoa ikingoja wanunuzi wa vyuma chakavu. Siitupi kwa sababu bila yake mimi si fundi, ni mbahatishaji tu.

Nasema hivyo nikijua kuwa kwa ajili ya mashine hiyo nilimfukuza shangazi yangu nyumbani. Sikumwambia ondoka. Nilimwambia neno baya zaidi kuliko hilo.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, na dada yake baba akanichukua kwake Makunduchi, akanilisha na kunisomesha kwa kilimo cha mwani. Mgongo wake ulipochoka, mimi na mke wangu tulimleta mjini tuishi naye. Chumba chake kilitazamana na chumba changu cha kazi. Alikuwa mtu pekee katika mji huu mzima ambaye hajaniambia niitupe. Kila asubuhi akipita mlangoni aliulizia hali yake, kama mtu anavyoulizia mgonjwa.

Na kweli ilikuwa mgonjwa. Unaiwasha, mstari unatokea safi, halafu baada ya muda unaingia ukungu, unatawanyika, unateremka polepole mpaka chini ya kioo na kupotea. Mara ya kwanza nilikuta kapasita mbili zimevimba. Nikazitoa, nikalehemu mpya, na Jumamosi mstari ukasimama imara kutwa nzima. Nikajisifu mpaka kwa muuza kahawa. Ijumaa iliyofuata ukapotea tena.

Nikasema basi ni valvu, zile taa ndogo za kioo za redio za zamani. Ukitaka valvu Unguja leo, jitayarishe kudharauliwa. Duka la kwanza walinionyesha valvu ya mtungi wa gesi. La pili waliniuliza kama ni ya tairi. Mwishowe nilimpata mzee mmoja mtaa wa Amani, fundi aliyestaafu, ana kopo la maziwa limejaa valvu zilizofungwa kwenye magazeti, na alinifanya nisikilize habari ya kila moja kabla ya kunipa niliyoitaka. Nikaja, nikaichomeka, Jumapili mambo mazuri, Jumatatu mazuri, Alhamisi mazuri. Ijumaa, kiza.

Nikaulaumu umeme wa mtaani. Nikabadilisha soketi, nikabadilisha waya. Jirani yangu akaja na ushauri.

"Ipige kofi," alisema. "Mimi friji langu nnalipiga, linatulia."

Nilimfukuza kwa maneno, kisha alipoondoka nikaipiga kofi. Ulioumia ni mkono wangu.

Nilitumia mwezi mzima namna hiyo. Amplifaya za watu zimerundikana mpaka kwenye ngazi, wenyewe wanapiga simu, nami nawajibu kwa ukali kama kwamba wao ndio waliokosea. Ndipo nilipoitazama kalenda ukutani, ambako nilikuwa nikitia alama kila mashine inapougua, na alama zote zilikuwa kwenye safu moja. Sasa mashine haijui kalenda. Haiendi kuswali. Kama inaharibika kila Ijumaa, basi kuna mtu anayeiharibu kila Alhamisi. Na mimi kila Alhamisi jioni nilikuwa naiacha inawaka kwa majaribio, mlango wazi, naenda msikitini Magharibi na kurudi baada ya Isha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikajiona mwerevu.

Ijumaa ile tulikuwa tunakula pilau baada ya swala, watu watatu kwenye sinia moja: mimi, mke wangu na shangazi.

"Nani anaingia chumbani kwangu Alhamisi?" niliuliza.

"Mimi nnaingia, mwanangu," alisema shangazi, wala hakushtuka. "Nnafukiza udi tu, kisha nnatoka. Sijagusa kitu."

"Lazima umegusa. Pengine hukukusudia. Umeegemea, umegeuza swichi."

"Sijagusa, wallahi."

"Shangazi, mashine haina sababu ya kusema uongo."

Mke wangu aliacha kula. Shangazi alinitazama kidogo, akanawa mikono, akasema alhamdulillahi, na upande wake wa sinia ulikuwa bado umejaa. Mimi, kwa ujinga wangu, niliendelea kula. Alasiri nikatia kufuli kwenye mlango wa chumba cha kazi, na ufunguo nikautia mfukoni.

Asubuhi alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Alisema anakwenda kutazama nyumba yake Makunduchi, kwamba kiambaza kinahitaji kukandikwa. Mzee wa kwetu hakwambii umemuumiza. Anakwambia anakwenda kutazama nyumba. Nililijua hilo vizuri sana, na nikasema, "Haya, shangazi, safari njema."

"Umemwita mwongo," mke wangu aliniambia alipoondoka. "Keshaapa, na wewe ukamwita mwongo kwenye chakula. Kwa ajili ya bati."

"Si bati."

"Basi kaa nalo."

Nikakaa nalo. Kufuli mlangoni, ufunguo mfukoni, nyumba imenyamaza, mke wangu ananijibu kwa "naam" na "hapana". Na mashine ikaugua! Safari hii hata haikungoja Ijumaa. Iliugua Jumanne, mvua za masika zilipoanza, ikaugua na Jumatano. Nilisimama mbele yake nikiwa na ufunguo mkononi, na hapakuwa na mtu wa kulaumiwa chumbani isipokuwa mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Nyuma ya mashine, karibu na feni inayovuta hewa ya kuipoza, kuna kifuniko chenye skrubu sita zilizoshika kutu, na ndani yake ndimo mnamokaa umeme mkali unaokilisha kioo. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimebadilisha kila kitu kilicho rahisi kufikiwa, na kila nilipopata nafuu ya siku chache niliipa kapasita au valvu sifa isiyo yake. Kile kifuniko nilikiogopa, na skrubu zake zilinitia uvivu. Niliizima mashine, nikauacha umeme uliobaki uishe, nikazifungua moja moja huku nikizitukana.

Ndani kila kitu kilikuwa na rangi ya chai. Rezista, nyaya, vigae vya kuzuia umeme, vyote vimepakwa utando mwembamba unaonata, na vumbi limeshika juu yake. Nikalowesha pamba kwa spiriti, nikafuta. Pamba ikatoka ya kahawia. Nikaileta puani.

Ilikuwa udi. Mle ndani mlinukia chumba cha bibi harusi.

Nilikaa chini sakafuni. Nimezaliwa katika harufu hiyo. Kila Alhamisi nyumba yetu hunukia hivyo, na ya jirani, na kichochoro kizima, kiasi kwamba pua yangu haihesabu tena kuwa ni harufu. Feni ilikuwa imeuvuta moshi wiki baada ya wiki, mafuta yake yakaganda, hewa yetu ya chumvi na unyevu ikanywewa na uchafu ule, na umeme ukapata njia ya kutorokea. Alhamisi moshi mpya, Ijumaa maradhi, kisha joto la mashine likiukausha unyevu, nafuu. Na shangazi alikuwa ameniambia. Nilimuuliza, akanijibu kwa maneno yake mwenyewe kwamba anafukiza udi, na mimi fundi nikalipita neno hilo kwa sababu nilikuwa natafuta mkono uliogusa.

Nilisafisha siku mbili, nikaianika uani jua lilipotoka. Wiki iliyofuata mstari ukasimama Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Sikumweleza muuza kahawa. Jumapili nikapanda vespa yangu kwenda Makunduchi.

Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mashine imepona?"

Hilo ndilo alilouliza mwanzo, kabla ya mimi na kabla ya mke wangu. Nikamwambia imepona, na kwamba nimekuja kumtaka radhi, hakugusa kitu, nilimkosea. Ningenyamaza hapo ingetosha. Lakini mimi ni mtu wa kueleza mambo mpaka skrubu ya mwisho. Nikamweleza feni, utando, pamba ya kahawia. Nilidhani namtakasa.

Mikono yake ikasita kwenye ukili.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

"Hapana, shangazi. Ni moshi."

"Moshi wa nani, mwanangu?" Akatazama uani. "Nilikuwa nnaiombea. Watu wote wanakwambia uitupe, na wewe unahangaika. Basi nnasoma, nnaizungushia chetezo mara saba, kisha nnakiweka nyuma pale panapovuta upepo, ili dua iingie ndani."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimbusu mikono, nikasema kila nililoweza kulisema, naye akaniambia ameshanisamehe siku ile ile, na nilijua ni kweli, jambo ambalo halikunipunguzia chochote. Alirudi nasi mjini wiki iliyofuata. Na hasira niliyokuwa nikiwagawia jirani na wateja nimebaki nayo mwenyewe, wala sijui pa kuipeleka.

Mashine ni nzima. Alhamisi jioni naizima mapema, naifunika nailoni, naweka mlango wazi kabisa na kukaa kwenye kiti changu. Namsikia shangazi akitoka chumbani kwake na chetezo, anafukiza ukumbi, anafukiza ngazi, anafukiza hata jiko. Akifika mlangoni kwangu anaufunika moshi kwa upande wa kanga yake.

"Ingia, shangazi," namwambia. "Nimeizima."

"La, mwanangu," ananijibu. "Nisije nikaiharibu."

Anapita.