Nta Aliyokataa Kuiuza

Habari imetufikia jana sokoni hapa Songea kwamba yule mfanyabiashara wa nta wa Maposeni amefariki. Mungu amrehemu. Watu walilia mpaka wachuuzi wakafunga biashara, nami nikawaza, nikifa mimi atafunga nani? Ndiyo, wasomaji wangu, hata kifo chake nimekionea wivu.

Sote wawili tulinunua nta kwa warina asali, tukaiweka, tukingoja msafara wa Kilwa utuletee habari za bei. Bei ikipanda, mimi nanunua kama mwenye wazimu. Ikishuka, nauza kwa hofu. Yeye akisikia bei, nzuri au mbaya, alichukua jembe akaenda kulima, na jibu lake ulilipata kesho yake. "Mwenzetu ana moyo wa jiwe," tulisema. Wivu ukinikaba, niliongeza kuwa ni mjinga.

Vita vilipozuka, watawala wetu Wadachi wakachoma vijiji na maghala, misafara ikakatika. Nani angetaka nta? Niliitoa yangu yote kwa mpita njia mmoja, nikapewa nguo, nikajiona mjanja. Yeye aliifukia yake. "Nta haiozi, bwana," aliniambia. Kisha ikaja njaa, tukala mizizi. Msafara wa kwanza kurudi ulileta mtama na kuulizia nta. Akafukua, akapata mtama, watoto wake wakaishi. Wangu nao waliishi, maana alinipimia bila kuombwa. Mnajua uchungu wa kushibishwa na mtu unayemwonea kijicho? Mimi naujua.

Leo asubuhi nimekwenda kumpa pole mjane wake. Nikamwambia, "Shemeji, mumeo hakujua hofu."

"Nani, yule?" akashangaa. "Weee! Bei ikishuka halali usingizi, hali chakula, anatapika uani. Shambani alikuwa anakimbilia, asije akauza. Siku ile ulipouza wewe, shemeji, alijitwika mzigo wake wa nta akufuate. Alifika njiani, akakaa chini akalia, ndipo akarudi."

Miaka yote nilijifariji kwamba yeye kapewa moyo wa jiwe, mimi nimenyimwa. Wivu wa namna hiyo una raha yake, jamani, haukutaki ufanye lolote. Kumbe tulipewa hofu ile ile. Yeye akashindana nayo kila mara, mimi nikaitii. Anayenunua na kuuza ajue hilo mapema. Mimi nimelijua leo, na wivu ninao bado, ila sina tena wa kumlaumu.