Tulipokuwa na Duka Kwenye Uwanda wa Ngano

Mwezi uliopita nilipigiwa simu nikiwa kazini, wakati wa mapumziko ya chai. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Don Mills, na simu za mchana huwa ni za benki au za shule ya watoto. Hii ilikuwa ya mama mmoja ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka mingi, binti wa aliyekuwa jirani yetu kule Saskatchewan, magharibi mwa Kanada. Aliniambia duka letu limebomolewa. Katapila lilikuja asubuhi, hadi mchana hapakuwa na kitu, na mwenye shamba la pembeni amekwisha kulima pale pote mpaka barabarani.

"Nimeona heri usikie kwangu," alisema.

Nikamshukuru, nikaosha kikombe changu, nikarudi kumlisha uji mzee wa chumba cha mwisho. Nilisubiri kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Kwa hiyo nakusimulia wewe, rafiki yangu, nikitumaini kwamba nikiyapanga haya kwa utaratibu huenda nikajua nilipaswa kuhisi nini.

Kabla ya duka tuliishi Thorncliffe Park, hapa hapa Toronto, juu kabisa kwenye mojawapo ya yale maghorofa. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Baba alifanya kazi kiwanda cha madirisha, mama alisafisha ofisi, na bibi, mzaa baba, alikuwa ameletwa kutoka Singida baada ya babu kufariki. Bibi hakupatana na lifti. Alikuwa akiingia anashika ukuta kwa mikono miwili, anafumba macho, na mlango ukifunguka anatoka haraka kama mtu aliyenusurika. Dirishani kwetu yalionekana madirisha ya wengine tu. "Mwanangu," alikuwa akimwambia baba, "umenileta niishi kama kuku kwenye tenga."

Nadhani neno hilo lilimkaa baba. Jumapili moja baada ya ibada akasikia habari za wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wanauza duka lao kijijini, mbali magharibi, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Nakumbuka mama akikunja nguo na kuuliza bila kumtazama:

"Na huko kuna watu?"

"Wapo. Wachache."

"Weusi?"

Baba akacheka. "Tutakuwepo sisi."

Tulifika kiangazi. Hujaona ardhi tambarare mpaka uone ile. Barabara inanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mbingu imekaa juu yako pande zote, na upepo haupumziki. Kijiji kilikuwa mtaa mmoja: kanisa, shule, posta, uwanja wa kutelezea barafu, duka, na mwisho wake, kando ya reli, ghala la nafaka la mbao, jekundu, refu kuliko kitu chochote unachoweza kukiona kwa siku nzima ya kuendesha gari. Bibi aliteremka, akashika kiuno, akageuka taratibu akitazama kila upande. Singida nako ni tambarare, ni upepo na alizeti. "Sasa naona mbali," akasema, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akilalamika.

Duka lilinuka kahawa, mikate na mafuta ya injini. Tuliuza maziwa, misumari, glovu za ngozi, kamba za kufungia majani ya ng'ombe, dawa ya kifua, pipi, na nje palikuwa na pampu moja ya petroli. Kazi zangu zilikuwa kupanga makopo majina yakitazama mbele, kufagia theluji mlangoni, na kuhakikisha birika kubwa la kahawa halikauki, kwa sababu pembeni ya jiko palikuwa na meza ya wakulima. Baba alikuwa na msemo wake: "Duka si rafu, duka ni mlango." Alifungua saa ileile kila siku, dhoruba iwepo isiwepo.

Mwanzoni waliingia kututazama. Walikuwa na adabu sana. Walinunua maziwa, wakasema hali ya hewa ikoje, wakaondoka. Baba alikuwa amejaza rafu moja mchele na unga wa mahindi, vikakaa hadi vikapata vumbi. Majira ya kupukutika majani yakafika, na mama akaanza kusema usiku tukila kwamba kiwanda cha madirisha pengine bado kinaajiri. Kisha asubuhi moja mama, kwa hasira tu nadhani, akakaanga maandazi ya iliki tele, akaweka sinia juu ya meza ya wakulima bila kusema kitu. Mkulima mmoja mwenye kofia ya kijani alichukua moja, akaligeuzageuza, akala. Akachukua la pili. Kesho yake wakaja na wake zao. Tangu hapo hawakuingia kutazama, waliingia kukaa.

Jirani yetu alikuwa mjane mzee, mkulima, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake. Yeye na bibi hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mwanzoni niliitwa nitafsiri.

"Mwambie kuku wake wamenenepa mno, hawatataga."

Nikamwambia. Jirani akasema, "Mwambie wanataga vizuri, ila kile kijogoo ni kivivu."

"Mwambie hilo nililiona."

Nilichoka, nikawaacha, na wao wakaendelea bila mimi, kila mmoja kwa lugha yake, wakikubaliana kwa vichwa. Krismasi ya kwanza jirani alikuja amebeba boksi, ndani yake mna kuku hai, mtetea mwenye madoadoa. Hakujua kwamba kwetu Singida hivyo ndivyo mgeni wa heshima anavyopokewa. Bibi alimpakata yule kuku, akamshika kifua kuona kama ana nyama, kisha akamwambia jirani kwa Kiswahili, "Leo ndiyo nimefika." Jirani akajibu kwa Kiingereza, "Karibu sana."

Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Lilikuwa la Kilutheri, na watu wengi pale babu zao walitoka Ulaya ya kaskazini, nchi zilezile zilizopeleka wamisionari kwetu. Kinanda kilipoanza, bibi alijua tuni. Wao waliimba kwa Kiingereza, yeye kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ya watu wote. Niliona haya. Hakuna aliyegeuka isipokuwa mara ya kwanza.

Miaka ilikwenda hivyo, na kama ungeniuliza wakati ule ningekuambia kwamba sisi ni watu wa pale.

Bibi alifariki Januari, asubuhi, kwenye kiti chake karibu na hita, khanga mabegani. Mama alimwita anywe uji. Akamwita tena. Kisha akaja chumbani kwangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vaa viatu, uende shule." Nikaenda. Mwalimu lazima alikwisha kusikia, maana kijiji kile habari ilifika kabla yako. Alinipa kasha la penseli za darasa zima, akaniweka nyuma karibu na dirisha, nami nikazichonga moja moja mpaka kengele ilipolia. Sikulia. Nilikuwa nikitazama yale maganda membamba ya mbao yakijikunja, nikiona kwamba ni mazuri.

Niliporudi, baba na mama walikuwa dukani. Kumsafirisha bibi hadi Singida hatukuweza, na hilo halikuzungumzwa mara mbili.

"Basi apelekwe Toronto," mama alisema. "Kuna watu wetu, watamwimbia kwa lugha yake."

"Mama alipachukia Toronto."

"Na hapa atalala na nani?"

Jirani alikuwa ameingia, theluji imemganda kwenye buti. Aliuliza tunasemaje, baba akamweleza. Akafikiri kidogo.

"Mume wangu kule makaburini ana nafasi pande zote mbili," akasema. "Mimi nitalala huku, yeye alale kule."

Mama alisema kwa Kiswahili, "Mama ataona kama ameolewa tena." Baba akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akaenda stoo, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Tutamzika hapa," alisema. "Sisi si tupo? Hatuendi popote."

Ardhi ya Januari kule ni jiwe. Wakulima walileta marobota ya majani makavu ya ngano kwa pikapu zao, wakayapanga juu ya mahali pa kaburi, wakayawasha, wakafunika na mabati ili joto lizame chini. Moto ule uliwaka polepole hadi siku ya pili, moshi wake ukinuka kama shamba baada ya mavuno. Udongo ulipolainika baba alitaka kuchimba mwenyewe, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, nao wakamwachia aanze. Kisha mwenye kofia ya kijani akanyoosha mkono, baba akampa sururu, wakapokezana. Wakati wa wimbo, baba aliimba Kiswahili peke yake. Wengine, badala ya kuimba maneno yao, walimfuata kwa kuvumisha tuni tu, midomo imefungwa. Watu wazima walilia. Mimi nilitazama buti zangu na kuwaza kwamba vidole vinauma kwa baridi.

Kesho yake baba alifungua duka saa ileile.

Baada ya hapo mambo yalianza kupungua, bila kishindo. Mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari, pakafunguliwa supamaketi kubwa. Ikatangazwa kwamba reli itafungwa. Ghala likaacha kupokea ngano, wakulima wakawa wanaipeleka mjini kwa malori, na mtu akishafika mjini anarudi na mkate wake. Shule ikafungwa, mwalimu akahama, sisi tukawa tunapanda basi. Kwenye meza ya kahawa walibaki watatu, kisha wawili, kisha yule mwenye kofia ya kijani peke yake, anakunywa kikombe kimoja na kuondoka. Baba alipanga makopo ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mama akapunguza unga wa maandazi, akapunguza tena.

Walipolibomoa ghala, kijiji kizima kilikuja kutazama, waliokuwa wamebaki na hata waliokwisha kuhama. Mashine ililivuta kwa waya wa chuma. Lilisimama kwa muda kana kwamba halijaambiwa, likainama, likaanguka, na vumbi la nafaka ya miaka mingi likapanda likitufunika wote, likinuka kama unga unaokaangwa. Njiwa walizunguka angani pale pale lilipokuwa, wakitafuta pa kutua. Mama alipitisha sinia. Jirani alichukua andazi, akalishika tu mkononi.

"Tangu utotoni nilikuwa naliona nikiwa mbali, najua nakaribia nyumbani," alisema. "Sasa nitajuaje?"

Mama akaendelea kupitisha sinia.

Tuliondoka mwisho wa kiangazi kilichofuata. Mnunuzi hakupatikana. Baba alifunga mlango, akampa jirani ufunguo, ingawa wote tulijua hautafungua kitu chochote tena.

"Nenda," jirani alimwambia. "Nitamkatia nyasi mama yako."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alitusimamisha makaburini, akashuka peke yake, gari linanguruma. Nikafungua mlango nimfuate, mama akasema, "Mwache." Alirudi na udongo magotini, akashika usukani, tukaondoka. Kutoka pale hadi Toronto ni safari ya siku kadhaa, nyanda, kisha misitu na maziwa yasiyokwisha, na sikumbuki mtu yeyote akisema jambo isipokuwa kuhusu petroli na chakula.

Tulirudi Thorncliffe Park, ghorofa jingine, lifti ileile. Kanisani watu waliuliza tulikuwa wapi miaka yote hiyo. "Huko magharibi," baba alijibu, na ikawa basi. Alipata kazi kwenye bohari la mizigo Brampton, nje kidogo ya Toronto, baadaye tukahamia huko. Kule uwandani jirani alifariki, akalala upande wake kama alivyosema, na binti yake akachukua kazi ya nyasi. Posta imefungwa. Kanisa limehamishwa likiwa zima juu ya lori, likapelekwa mji mwingine. Reli imeng'olewa. Jina la kijiji limebaki kwenye ramani kwa herufi ndogo. Watoto wangu nikiwasimulia wananijibu kwa Kiingereza, wananiuliza kama ni kweli tuliwahi kuishi mahali kama hapo, nami nasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayethibitisha anwani.

Juzi Jumapili nilikwenda Brampton kuwaona wazazi. Mama alikuwa amesikia kwamba wazee wa kanisani wanachukua nafasi za makaburi sehemu moja, wakae pamoja, na aliona ni jambo jema.

"Mimi msinihesabu," baba alisema.

"Unataka upelekwe Singida?"

"Nataka kwa mama."

Mama aliweka kijiko chini. Akamwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, "Baba watoto, kule hakuna mtu tena."

Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama yupo," akasema, akaendelea kula.