Kiti Chenye Tundu cha Eliya

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Ndeshi ni kiti. Ni kiti kifupi cha mbao, chenye tundu katikati, naye hukibeba kwapani kokote aendako na mwanawe. Jumapili moja kanisani, kule Elerai, mama mmoja wa kwaya alimtania, "Mama Eliya, leo umemletea mchungaji kiti?"

"Mwambie akae kwanza, tuone kama kitamtosha," Ndeshi akajibu bila haya. Benchi zima likacheka.

Mwaka jana asingethubutu. Eliya ana miaka saba na amechelewa katika mengi: alitembea akiwa na minne, na maneno yake bado yanahesabika. Lakini kilichomliza mama yake ni choo. Mtoto alibana haja kubwa siku tano, hata wiki, akisimama nyuma ya mlango kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, jasho linamtoka. Kisha suruali inachafuka kwa kinyesi chepesi. Ndeshi alidhani anaharisha, akamnyima matunda. Bibi Magreth, mama mkwe wake, akawa anashuka kutoka mlimani Meru na maziwa na mkungu wa ndizi mbichi, ili mjukuu apate nguvu. Walimlisha kwa upendo, na tumbo likazidi kuwa gumu. Shule waliyoiomba ikawajibu: akishaweza kwenda chooni, mleteni.

Namnyaki, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyelipapasa tumbo lile. "Dada, huyu haharishi. Choo kigumu kimeziba, kile chepesi kinapenya pembeni. Wala si jeuri. Kiliwahi kumuuma, sasa anaogopa."

Akampa dawa ya kulainisha choo. Akaagiza maziwa yapunguzwe, maji, mboga na mapapai viongezwe, na mtoto aketishwe chooni kila baada ya kula, nyayo zikigusa chini. Shimo la choo lilimtisha Eliya, ndipo Ndeshi akamwendea seremala na kipimo cha magoti ya mwanawe, akarudi na kiti. Eliya alikaa. Akabana vilevile, wiki tatu nzima.

Walipopanda mlimani kumsalimia bibi, Magreth alimtazama mjukuu akipuliza moto jikoni, kazi aipendayo kuliko zote.

"Mama Eliya, hebu angalia tumbo lake. Huyu akipuliza, hawezi kubana."

Wakampeleka chooni na kiti chake. Bibi akachuchumaa mbele yake, akainua kiganja. "Eliya, moto unazimika! Puliza, baba!"

Eliya akapuliza, mashavu yamemjaa. Akapuliza tena. Kikasikika kishindo shimoni.

Magreth alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza ng'ambo ya migomba, "Kuna harusi?"

"Zaidi ya harusi!"

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Suruali ambazo Ndeshi alizianika ndani kwa aibu, sasa zinapigwa na jua uani. Wiki iliyopita Eliya alikiburuta kiti mwenyewe hadi mlangoni, akamvuta mama yake kanga. "Moto," akasema.

Shule imekubali. Sare imetundikwa ukutani, na kwenye kiti Ndeshi ameandika ELIYA kwa rangi nyekundu. Mwalimu ameshaelezwa neno atakalolisikia. Leo ni Ijumaa. Mara tatu sasa Ndeshi ameipiga pasi sare ile ile, na Jumatatu haijafika.